Somo: Kisima cha gesi kimelemewa na maji, tukiamshe vipi?

Assalaam alaykum. Kisima kikiwa kipya, gesi hupanda kwa kasi na kubeba matone ya maji mpaka juu. Presha ya huko chini kisimani ikipungua, kasi nayo hupungua, matone yanarudi na kujikusanya. Maji ya kimo cha mita 300 tu hukandamiza kwa karibu bari 30 (bari ni kipimo cha presha). Kisima kilichochoka hakiyawezi.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni maji. Mtiririko ukianza kuja kwa vishindo, shuku. Teremsha kipimapresha kwa waya: pale presha inapoanza kuongezeka haraka kwa kila mita, ndipo uso wa maji ulipo. Ukikuta ni mchanga au chumvi iliyoganda, dawa yake ni nyingine.

Hatua ya 2: Punguza presha ya mdomoni mwa kisima, gesi ipande kwa kasi. Fungua taratibu choki, yaani valvu ya mdomoni inayobana mtiririko, au weka kompresa, mashine ya kuvuta na kushindilia gesi. Wengi huiruka hatua hii kwa uroho wa vifaa.

Hatua ya 3: Tia sabuni kisimani. Povu huyafanya maji mepesi. Ijaribu kwanza kwenye chupa kwa maji ya kisima hicho hicho, maana mafuta mepesi yakichanganyika humo huliua povu.

Hatua ya 4: Bomba jembamba ndani ya bomba. Hii ndiyo niipendayo. Aliyepita na ngalawa mlango mwembamba baina ya visiwa anajua maji yanavyokwenda mbio pale. Kipenyo kikipungua nusu, nafasi inabaki robo. Gesi ile ile, kwa presha ile ile, itapita kwa kasi mara nne. Lakini piga hesabu: bomba likizidi wembamba, msuguano utakula faida yote.

Hatua ya 5: Planja, yaani kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya bomba. Unafunga kisima, planja inashuka, presha inajijenga. Ukifungua, inapanda na maji juu yake. Kisima kisichojenga presha kisipewe.

MASWALI

Mwana Konde: Mwalimu, kwa nini tusifungue choki yote tukapumzika?
Jibu: Utavuta mchanga, na pengine maji zaidi kutoka chini ya gesi. Mchanga hula valvu.

Bi Shangazi: Mwanangu, hapa Pemba visima hivyo viko wapi?
Jibu: Shikamoo Bi. Vya kuzalisha bado. Mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar, yaani eneo la kutafutia mafuta na gesi, ulitiwa saini na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018. Vijana wakitaka kuona kazi kwa macho, waende Songo Songo, inakotoka gesi tangu 2004, au Mnazi Bay.

Fundi Pampu: Kisima changu cha maji safi kimepungua. Nitie bomba jembamba?
Jibu: La, kaka. Hapo hakuna gesi ya kuyasukuma maji. Safisha chujio kwanza. Na kama uko karibu na pwani, usiongeze pampu kubwa. Utavuta maji ya chumvi, na jirani zako watakudai.