Savannah wikendi ya sikukuu: gari liacheni hotelini

Mlioko Marekani mnaoifikiria Savannah, Georgia, kwa wikendi ya Memorial Day mwishoni mwa Mei, tafuteni chumba mji wa kale, hata kiwe kidogo. Mji huu ulioanzishwa na Mwingereza James Oglethorpe mwaka 1733 ni wa kutembea kwa miguu: viwanja 22 vya mapumziko vyenye mialoni, ukichoka na jua unaingia kingine. Viatu viwe vya soli nene. Ngazi za kushukia River Street, mtaa wa kando ya mto, zina mwinuko mkali, na chini wametandaza mawe yaliyokuja melini kama farumi, yaani uzito wa kutuliza meli. Kisigino kirefu hapo, pole yako.

Ufukwe wa Tybee, kisiwa cha karibu, una barabara moja tu ya kuufikia. Tokeni kabla ya saa moja asubuhi. Mimi nilitoka saa nne, nikafika barafu ya vinywaji imekuwa maji.

Kanisa la First African Baptist msiliruke, ila ulizieni mapema saa za kutembezwa. Sakafuni mna matundu yenye umbo la alama ya kiimani ya Wakongo, watu wa Afrika ya Kati. Husimuliwa kwamba watumwa waliotoroka walijificha chini, wakivutia pumzi hapo.