Kuzalisha miche ya stroberi na kuihamisha, ukiwa na mtu wa kukushikia

Kwa sisi wa Mbeya, Tukuyu, Njombe mpaka Mufindi huko, stroberi zinakubali mana baridi tunayo, kwahiyo usinunue miche wakati kuna ndugu anazo. Mimi nachukuaga kwa shangazi Uyole. Subiri mvua ishike, Desemba Januari hivi, Juni na Julai mche unadumaa tu, na kwa watu wa Makete ile barafu ya asubuhi inaunguza majani.

Tafuta mche wenye afya na unaozaa vizuri, utaona umetoa vikamba vinatambaa chini na kila kikamba kina kichipukizi. Chukua kile cha kwanza kutoka kwa mama ndo chenye nguvu, vya mbele huko achana navyo. Ila usikate kwanza! Sogeza kiriba (kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche) chenye udongo na samadi iliyooza, kalisha kichipukizi juu yake, kibane na kipande cha waya uliokunja, mwagilia. Wiki tatu nne hivi kivute kidogo na vidole, kikigoma ujue mizizi imeshika, hapo sasa kata kamba.

Kuhamisha fanya jioni au siku ya mawingu. Shangazi anashika mche katikati ya shimo mi narudishia udongo kwa mikono yote miwili, mana ukiwa peke yako mche unazama hata hujui saa ngapi. Na kuzama ndo kunaua miche mingi: pale katikati majani yanapochomozea pawe usawa wa udongo, ukipafukia panaoza, ukiuacha juu sana mizizi inakauka. Shangazi haachii mpaka ainame aangalie mwenyewe, "bado baba, umeufukia, punguza hapo", basi napunguza. Mche na mche acha sentimita 30, kandamiza taratibu, maji, alafu tandaza majani makavu au nyasi za mpunga kama una mtu Mbarali, matunda yasilale kwenye tope. Maua ya mwanzo yakate, najua inauma.

Ukitaka kuzalisha na mimea mingine mbali na stroberi, mchaichai hauna mambo mengi, pasua shina lenye mizizi, punguza majani, panda. Rosemari kata tawi ambalo halijawa gumu, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mchanga kivulini, na chomeka mengi mana mengine yatakufa tu.

Stroberi ikifika mwaka wa tatu inachoka, kwahiyo kila msimu jiwekee vichipukizi vya kuirithi.