Somo: Filamu fupi ya majaribio na kundi mchanganyiko, tukiwa mwaloni

Habari zenu ndugu zangu. Wengi mmeniomba nieleze tulivyotengeneza filamu yetu ya dakika 6 kwenye mwalo mdogo, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inaposhushia mzigo, upande wa Ilemela, Mwanza. Tulikuwa waigizaji 9: viziwi wawili, kaka mmoja asiyeona, mmoja anayetumia kiti mwendo, dada mwenye ualbino, na wanne wasio na ulemavu. Nitasema na tulipokosea, maana kosa la kwanza ndilo lililotufundisha kazi.

Hatua ya 1: Anza na mwili

Filamu ya majaribio haikulazimishi kuwa na kisa chenye mwanzo na mwisho. Unaweza kuijenga juu ya kitendo, sauti au muda tu. Tulimwomba kila mtu alete kitendo kimoja cha mwaloni ambacho mikono yake inakijua. Kijana mmoja kiziwi, aliyelelewa na bibi yake muanika dagaa, alipiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi akaanza kutandaza dagaa wasiokuwepo. Kiganja kinakwenda, kinarudi, vidole vinawatenganisha walioshikana, anasogea nusu hatua, anaanza tena. Dakika 4 nzima hakuinua uso. Skripti niliyokuja nayo niliirudisha kwenye mkoba, tukaanzia pale.

Ukijikuta unasogeza kamera kwenye gongo la kutembelea au kwenye jicho lisiloona ili mtazamaji asikitike, simama. Jiulize huyu mtu anafanya nini kwenye shoti hii. Kama hafanyi kitu, anaonyeshwa tu, ifute.

Hatua ya 2: Mahali, na kosa langu

Mwanza ni jiji la mawe, na kila mwenye kamera huyatamani majabali yale yaliyopandiana. Na mimi niliyatamani. Tulimbeba mgongoni mwenzetu wa kiti mwendo hadi juu ya jabali, tukamrekodi, tukamshusha. Jioni akaniambia kwa upole, "Dada, leo nilikuwa mzigo." Shoti zile hatukutumia hata moja, na sikulala vizuri siku ile.

Tukahamia mchangani, lakini mchanga nao unameza magurudumu. Fundi mitumbwi wa pale mwaloni ndiye aliyetuokoa. Alituazima mbao ndefu, tukazilaza juu ya mchanga zikawa njia na jukwaa kwa pamoja. Kiti kikapita bila kusukumwa na mtu. Kila gurudumu lilipovuka maungio ya mbao lilitoa mlio wa "tak, tak", na mlio huo ndio muziki wa filamu yetu mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kurekodi chochote, pata kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, kisha zungumza na serikali ya mtaa na uongozi wa mwalo, yaani BMU. Mwaloni ni mahali pa kazi za watu. Wakati mitumbwi inashusha mzigo, kaa pembeni.

Hatua ya 3: Ishara ya kuanza

Hili watu hulidharau. Ukipaza sauti "Ekshen!", kiziwi hasikii. Ukiinua mkono, asiyeona haoni. Sisi tuliweka ngoma juu ya zile zile mbao. Kila aliyesimama juu ya mbao, peku, aliipata ishara kwa nyayo: pigo moja tunaanza, mawili tunatulia. Ukipiga ngoma hiyo juu ya mchanga mtupu haifiki, tulijaribu. Palipokosekana mbao tulipeana mkono begani, mtu hadi mtu. Ishara husafiri polepole namna hiyo, na kundi zima huonekana likiamka kama wimbi. Shoti hiyo tuliibakiza.

Hatua ya 4: Mwanga

Rekodi saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi. Shoti za mwenye ualbino ziwe za kwanza, naye awe na kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na kivuli cha kupumzikia, kwa sababu maji nayo hurudisha mwanga usoni. Wengi wao wana uoni hafifu, kwa hiyo alama za kusimama ziwe za rangi inayotofautiana sana na mbao.

Ngozi nyeupe sana na nyeusi sana zikiwa kwenye fremu moja, pima mwanga kwenye uso mweupe, kisha uinulie uso mweusi kwa kitambaa cheupe kinachorudisha mwanga. Ukifanya kinyume, uso mweupe unaungua kwenye picha, unabaki mweupe mtupu, na hauokoleki kwenye uhariri.

Ndani ya nyumba, chini ya taa za umeme, weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde, kwani umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiweka 30 na 1/60, taa nyingi zitachezacheza.

Mkitaka taa za wavua dagaa ziwakazo ziwani usiku, angalieni mwezi. Wavuvi hutoka kwenye giza, na mbalamwezi ikiwa kali wengi hupumzika. Sisi tulikwenda na kamera usiku wa mwezi mpevu, tukarudi na picha ya maji matupu.

Hatua ya 5: Sauti

Tulimpa vipokea sauti kaka yetu asiyeona, akawa ndiye msimamizi. Aligundua kwamba maji chini ya mtumbwi yana sauti ya kumeza, na kwenye mawe yana sauti ya kulamba. Mimi nimezaliwa hapa na sikuwahi kulisikia hilo. Mchana upepo wa ziwa huanza kuvuma, kwa hiyo rekodini sauti asubuhi na mfunike maikrofoni kwa sponji.

Hatua ya 6: Uhariri

Usikate shoti kabla ishara ya mkono haijamalizika. Kwa anayeijua Lugha ya Alama ya Tanzania, ni sawa na kumkatiza mtu katikati ya neno. Vidole vyote viwe ndani ya fremu. Weka maandishi chini, na nakala nyingine yenye sauti ya maelezo kwa wasioona. Kundi liitazame kabla ya mtu mwingine yeyote.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Shikamoo dada. Sisi tuko Musoma na hatuna mkalimani. Ndugu wa kiziwi wetu anaweza kusaidia?*

Marahaba mdogo wangu. Kwenye salamu na chakula, sawa. Kwenye posho, mkataba au ugomvi, hapana, kwa sababu ndugu huamua kwa niaba yake. Waulizeni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Na mkalimani alipwe: kwenye bajeti yetu yeye na nauli za bajaji huandikwa kabla ya kamera. Posho ya waigizaji wote ni sawa.

*Simu ya kawaida inatosha?*

Inatosha. Nunua stendi kwanza.

*Mwalimu, dada mwenye ualbino hakuogopa kuonekana?*

Aliogopa, na ana haki. Kanda ya Ziwa wenzake wameuawa na kukatwa viungo. Tulikubaliana naye mambo matatu: picha yoyote haitoki kabla hajaiona, mtaa wake hautajwi, na kila jioni mtu anamfikisha hadi mlangoni. Ridhaa tulimwomba upya kila siku ya kurekodi, si kwa saini ya siku ya kwanza pekee.

*Mimi ni mama wa kijana mwenye usonji. Anapenda kuigiza lakini huondoka katikati ya shoti. Mtamkubali?*

Mama yangu, mlete. Tengeni kona yenye kivuli na ukimya, aijue kabla ya siku ya kazi, na asifuatwe akienda huko. Kamera isizimwe. Kwenye mazoezi ya kazi yetu mpya tuna kijana kama wako. Alitoka kwenye mbao, akaenda kuketi chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Wenzake waliendelea kutandaza, nafasi yake ikabaki wazi katikati yao. Baada ya kama dakika 3 mkono wake ulitokea chini ya ubavu wa mtumbwi, ukaanza kutandaza pamoja nao.