Somo: Kuvuka Atlantiki kwa Queen Mary 2, kutoka Southampton hadi New York

Wapendwa, wengi mmeomba somo la safari ndefu ya meli ya kifahari. Nimechagua Queen Mary 2 kwa sababu ndiyo iliyobaki kuvuka Atlantiki kwa ratiba, kama zilivyofanya meli za zamani kabla ya ndege. Ilianza kazi 2004, ina urefu wa mita 345, na safari ya kawaida ni siku saba usiku na mchana bila kutia nanga popote. Kama raha yako ni kushuka kila bandari ukanunue vitu, somo hili si lako.

Hatua ya 1: Viza kwanza, tiketi baadaye. Hapa ndipo wengi wanapoangukia pua. Mwenye pasi ya Uingereza anaomba mtandaoni ESTA, yaani kibali cha kuingia Marekani bila viza. Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda, hata kama ameishi Uingereza miaka na mikaka, lazima awe na viza ya Marekani. Karatasi zinakaguliwa Southampton kabla hujapanda. Ukikosa viza, utaipungia meli mkono ukiwa gatini. Na kama utarudi Uingereza, hakikisha kibali chako cha kuishi hakitaisha ukiwa ng'ambo.

Hatua ya 2: Chagua upande wa kwenda. Mimi nasema nenda magharibi. Saa hurudishwa nyuma saa moja kwa usiku tano, kwa hiyo unalala zaidi. Ukitoka New York kwenda Southampton mambo ni kinyume: saa husogezwa mbele, aghalabu mchana, na kabla hujashiba vizuri chakula cha mchana ni saa ya chai.

Hatua ya 3: Chumba. Msikimbilie juu. Atlantiki ya Kaskazini ikichafuka, mwenye chumba cha juu karibu na omo, yaani mbele ya meli, ndiye anayerushwa zaidi. Chukua cha katikati ya meli, deki za chini. Meli ina mapezi ya kupunguza mrama, lakini kupunguza si kuondoa. Jihadharini pia na vibaraza vya deki za chini: vimechongwa ndani ya ubavu wa chuma, havipigwi na upepo, ila ukiketi unaona ukuta na kipande cha mbingu. Kuiona bahari mpaka usimame.

Hatua ya 4: Mizigo. Hakuna kupimiwa kilo kama uwanja wa ndege. Masanduku unawapa wapagazi, utayakuta mlangoni kwako. Pasi ya kusafiria, dawa na nguo za jioni ya kwanza ziwe mkononi, maana sanduku linaweza kuchelewa. Pasi ya kunyooshea nguo iache nyumbani, hairuhusiwi chumbani. Kuna chumba cha kufulia chenye pasi zake.

Hatua ya 5: Bili. Chakula cha kawaida kimo kwenye nauli. Vinywaji vingi, intaneti na daktari vinalipiwa kwa dola, na ada ya huduma huongezwa kila siku. Bima ya safari ni lazima, kwa sababu NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, haikufuati baharini.

Hatua ya 6: Kuingia New York. Amka usiku wa manane. Meli hupita chini ya daraja la Verrazzano kabla ya mapambazuko, na bomba la moshi lilichorwa fupi makusudi lipate kupita. Ukiwa deki ya juu utaapa kwamba litagonga. Kisha inafunga gati Red Hook, Brooklyn.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, kibla nitakijuaje katikati ya bahari?*
Ukiwa Uingereza kibla ni kusini-mashariki. Ukifika New York kimekuwa kaskazini-mashariki. Njiani kinahama taratibu kati ya hapo. Kwa kuwa meli inaelekea magharibi, mara nyingi utaelekea upande wa tezi, yaani nyuma ya meli. Beba dira, na nyakati za swala fuata jua la mahali ulipo, usitegemee saa ya jana.

*Mume wangu hana suti ya tai ya kipepeo. Atazuiwa kula?*
La, dada yangu. Jioni za gala, yaani za mavazi rasmi, vazi rasmi la kitaifa linakubalika. Kanzu nzuri na joho inatosha, na nakuhakikishia atapigwa picha kuliko wenye suti. Akichoka kuvaa, ghorofani kuna mkahawa wa kujipakulia.

*Nina mimba. Naweza kwenda?*
Hesabu mpaka siku ya kushuka, si ya kupanda. Kampuni nyingi za meli hazimpokei mama anayefikisha wiki ya 24 kabla safari haijaisha, na cheti cha daktari utaombwa.

*Nasafiri peke yangu, mbona bei ni karibu maradufu?*
Bei inayotangazwa ni ya kila mtu katika chumba cha wawili, kaka. Vyumba vya mtu mmoja viliongezwa 15 tu mwaka 2016 na huisha mapema mno. Anza kuvitafuta mwaka mmoja kabla.