Kutengeneza kitabu rejea cha picha kwa mashabiki wa filamu za anga: kuanzia kwenye skrini hadi kwenye pini

Shabiki wa kweli wa filamu za anga hatosheki na kuangalia tu. Anataka kujua lile kombora lina milango mingapi, stelingi alikuwa analala wapi, na ile bunduki ya mwanga inachajiwa na nini. Kitabu rejea cha picha ndicho kinachomjibu: chombo kimechorwa kikiwa kimepasuliwa ubavuni, mistari inatoka kwenye kila kifaa kwenda kwenye jina lake, na pembeni kuna maelezo ya sentensi mbili tatu. Vitabu hivi nachora hapa Dodoma, vingi ni vidogo vya kurasa 16 au 24, na wasomaji wangu wakubwa ni vijana wanaokaa pamoja jioni kuangalia filamu na kubishana.

Kazi hii ina wakongwe wake. Mfululizo wa televisheni wa Star Trek ulisimamishwa mwaka 1969. Mwaka 1975, Franz Joseph, mchoraji wa michoro ya kihandisi aliyetokea kwenye viwanda vya ndege, akatoa kitabu cha vyombo, sare na vifaa vya mfululizo ule, vyote vikiwa na vipimo kana kwamba vinakwenda kuundwa kesho asubuhi. Mwaka 1998 ikaja kamusi ya picha ya Star Wars, na aliyeiandika, David West Reynolds, ni msomi wa akiolojia. Kwa maoni yangu ndiyo maana kitabu chake kilifaulu: alivishika vitu vya filamu kama vitu vilivyofukuliwa ardhini. Nami nafanya kazi kwa mtindo huohuo.

Hatua ya 1: Chagua filamu ambayo haitakuletea kesi

Kuchora kwenye daftari lako kwa kujifunza ni jambo moja, kuchapa na kuuza ni jambo jingine. Wahusika, vyombo na majina ya filamu kubwa vina wenyewe, na hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ambayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, inaisimamia. Ukitaka kuuza, unahitaji idhini ya maandishi. Kusema “nimechora kwa mkono wangu” hakukuokoi.

Kwa hiyo anza na filamu ambayo muda wake wa ulinzi umeshapita. Mimi humwambia kila anayeanza achukue ile filamu ya safari ya mwezini ya Georges Méliès, Ufaransa, mwaka 1902. Haina sauti, ni ya dakika 14 hivi, na aliyeitengeneza alifariki mwaka 1938, kwa hiyo hata zile nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo hazina tena neno. Tumia nakala ya nyeusi na nyeupe. Iliyofanyiwa ukarabati wa rangi na kuwekewa muziki mpya inaweza kuwa na wenyewe.

Njia nyingine ni kumfuata kijana wa hapahapa aliyetengeneza filamu yake fupi, mkaandikiana. Wengi watafurahi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Kusanya maswali kabla ya kugusa penseli

Mara ya kwanza usiangalie peke yako. Waite watu, weka filamu, kaa nyuma na daftari, na andika kila swali linalotoka kinywani mwa mtu kama lilivyotoka. Nilipowawekea vijana wa Chang’ombe filamu hiyo ya 1902, wanaastronomia sita walishuka mwezini na kofia zao na miavuli, na kijana mmoja akaruka: “Anko, hawa mbona hawana mitungi ya hewa?” Swali hilo tayari ni ukurasa mzima. Mwingine akauliza wale viumbe wa mwezini wanakufa vipi, maana wakipigwa mwavuli wanageuka moshi. Ukurasa mwingine huo.

Ukiandika maswali yako mwenyewe utapata kitabu cha mchoraji, chenye kurasa tano za injini na hakuna hata moja ya chakula. Watazamaji huuliza chakula, choo, mlango, na nani anamwamuru nani.

Hapa kuna mtego wetu sisi. Wengi tumezoea muvi za kutafsiriwa, na DJ hutia chumvi: anampa adui jina la kwake, anamwekea stelingi mke na deni la duka. Inachekesha, napenda sana, lakini usilichukue neno la DJ kama neno la filamu. Tafuta nakala ya asili kabla ya kuandika chochote.

Hatua ya 3: Tenga kilichoonekana na ulichokisia

Hii ndiyo hatua ninayoitolea muda mwingi kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha kitabu rejea na michoro mizuri tu.

Chora jedwali lenye safu nne: kitu, dakika na sekunde kinapotokea, kilichoonekana au kusemwa, na nilichokisia. Kwenye kompyuta fungua filamu kwa programu ya VLC, simamisha, kisha bonyeza herufi E. Kila ukibonyeza, picha inasogea fremu moja. Shift na S kwa pamoja zinahifadhi fremu hiyo. Usiridhike na fremu moja. Kitu kikionekana mbele, tafuta pia mahali kinapoonekana ubavuni na nyuma.

Tuchukue lile kombora la 1902. Kilichoonekana: lina umbo la risasi, watu sita wanaingia kwa mlango wa nyuma, wasichana waliovaa kibaharia wanalisukuma ndani ya mzinga, mzinga unafyatuliwa. Ndani yake hatuonyeshwi. Kwa hiyo ukilipasua ubavuni ukachora mabenchi, kamba za kujishikia na taa, vyote hivyo ni vya kwako. Vichore, watu wanavipenda, ila msomaji aambiwe.

Mimi humwambia kwa mistari. Mstari mzima ni kilichoonekana. Mstari wa vipandevipande ni kile ambacho lazima kiwepo ingawa hatukukiona, kwa mfano unene wa ukuta wa kombora. Mstari wa nukta ni kisio langu tupu. Ufunguo wa mistari hiyo unakaa ukurasa wa kwanza, si wa mwisho.

Ukipata nafasi panda miamba ya Kolo, kule Kondoa, kwenye ile michoro iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951 na kitabu chake cha picha kikatoka mwaka 1983. Simama mbele ya mnyama ambaye mguu wake mmoja umefutika kwa mvua na miaka, halafu jaribu kumchora. Mkono unawasha kuumalizia ule mguu. Mnakili akiumalizia kwa wino uleule, anayemfuata hatajua tena mwamba ulikuwa na nini. Kwenye filamu ni vivyo hivyo.

Na filamu ikijipinga yenyewe? Hii ya 1902 inajipinga waziwazi: kombora linatua mara mbili. Kwanza linachoma jicho la mwezi wenye uso wa mtu, kisha tunaliona tena likitua kwenye ardhi ya kawaida ya mwezi. Usijifanye wakili wa filamu ukatunga sababu ya kuzipatanisha. Chora zote mbili kwenye ukurasa mmoja, weka dakika ya kila moja, songa mbele.

Hatua ya 4: Pima ukubwa

Urefu wa mtu ndiyo rula yako. Tuseme kwenye skrini mtu anapimika milimita 40, nawe unamhesabu kuwa na sentimita 170. Kila milimita ni sentimita 4.25. Chombo kilicho karibu naye kikipimika milimita 60, kina sentimita 255. Sharti ni moja: mtu na chombo wawe umbali uleule kutoka kwenye kamera. Kwa Méliès kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu mandhari yake mengi ni mapazia yaliyopakwa rangi ili yadanganye macho. Mlima unaouona “mbali” upo hatua chache nyuma ya mwigizaji. Mlima huo usiupime.

Kipimo kikishapatikana, kiweke kando ya kitu ambacho msomaji wako anakiona kila siku. Meli ya Enterprise ya Star Trek imepewa urefu wa mita 289. Namba hiyo ukimwambia mtu wa Dodoma haimwingii. Lakini ukichora vivuli vya mabasi 24 ya mita 12, yamepangwa kichwa kwa mkia kama yanasubiri kutoka stendi ya Nzuguni, ataanza kuhesabu mwenyewe kwa kidole.

Hatua ya 5: Chora, kisha taja majina

Anza kwa penseli ya H, malizia kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Miezi ya upepo, Julai na Agosti, funga dirisha: vumbi jekundu la hapa likitua kwenye wino mbichi linaacha alama za nukta ambazo skana itazisoma kama nyota. Kioo cha skana nacho kifute kila mara.

Mistari ya majina isikatane. Ianzie kwenye nukta iliyo ndani ya kifaa chenyewe na ikomee pembeni, majina yote yakiwa yamepangwa wima. Majina kumi kwa ukurasa yanatosha. Yakizidi, toa kipande kimoja ukikuze kando. Tumia neno ambalo msomaji analo mdomoni. Kama ni mlango, andika mlango.

Kila ukurasa nauwekea kisanduku kidogo cha sayansi. Mwisho wa filamu hii wasafiri wanarudi kwa kombora kuporomoka kutoka kwenye jabali la mwezi hadi baharini duniani. Kisanduku kinasema: mvutano wa mwezi ni kama moja ya sita ya wa dunia, na ili kitu kitoke kwenye mwezi kinahitaji mwendo wa kilomita 2.4 kwa sekunde, kwa hiyo kombora lililodondoka jabalini lingebaki palepale mwezini. Mpe mwalimu wa fizikia asome visanduku vyote kabla hujachapa. Usimpe kitabu kizima, atataka kuondoa viumbe wa moshi.

Hatua ya 6: Kompyuta

Skani kwa nukta 300 kwa inchi. Majina weka kwa Inkscape, kurasa panga kwa Scribus. Programu zote mbili ni za bure. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4. Picha inayofika ukingoni ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3.

Hatua ya 7: Steshenari

Kitabu cha kurasa 16 za A5 ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati. Mwambie mhudumu maneno haya: pande zote mbili, igeuke kwa upande mfupi, isipunguzwe ukubwa. Ukisahau hilo la upande mfupi, nusu ya kurasa zitatoka miguu juu. Toa kwanza nakala moja, ikunje na uipekue hapohapo kaunta kabla hujaagiza zilizobaki.

Usichape anga jeusi. Najua linavutia kwenye skrini, lakini wino mzito hupasuka kwenye mkunjo, vidole vinaacha alama, na bei ya ukurasa inapanda. Acha anga liwe jeupe na nyota ziwe nukta nyeusi. Baada ya ukurasa wa pili hakuna anayekumbuka kulalamika. Jalada liwe karatasi nene, pini mbili kwenye mkunjo kwa stepla ya mkono mrefu. Ukikusudia kuuza madukani, omba namba ya ISBN, yaani ya kukitambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kabla hujafunga jalada, maana namba hiyo inakaa nyuma yake.

Kurasa mbili za mwisho ziache na mistari mitupu na kichwa cha habari “Nabisha”. Anayebisha aandike jina la kitu, dakika na sekunde. Asiye na dakika na sekunde mwambie arudi kwanza kwenye filamu. Mwenye nazo kaa naye, fungua fremu, na kama yuko sahihi geuza mstari wa nukta kuwa mstari mzima kwenye toleo linalofuata.