Chupa ya maji ikae kichwa chini

Wenzangu wa Moshi mnaotaka kuanza kupanda milima wakati wa baridi na barafu, msikimbilie kuulizia shoka la barafu. Anzeni na chupa ya maji.

Usiku wa kilele Kilimanjaro watu huondoka kambi za Kibo au Barafu kama saa sita usiku, na kule juu nyuzi 10 chini ya sifuri si ajabu. Sasa, maji huanza kuganda juu, si chini. Chupa ikikaa wima, mdomo ndio unaozibwa kwanza: una lita nzima mgongoni na hupati hata tone. Jaza maji ya moto kabla ya kutoka, ivishe soksi nene ya sufi, kisha igeuze. Barafu itaanzia kwenye kitako. Ila kaza kifuniko kwelikweli. Mimi nililowesha glovu zangu za akiba hivyo hivyo, na glovu mbichi kwenye mita 5,000 ni mzigo tu.

Mpira wa kunyonyea maji kutoka mfuko wa mgongoni usiutegemee sana. Kila ukishakunywa, puliza maji yarudi ndani ya mfuko wake, maana yanayobaki kwenye mpira ndiyo huganda mapema.

Betri za tochi ya kichwa ziweke mfuko wa ndani, karibu na kifua. Soksi za sufi tafuta mitumba ya soko la Memorial, utazijua kwa kuwa ukizipapasa zinawasha kidogo. Za pamba ziache hapo hapo, zikilowa hazikauki.