Jinsi ya kuomba ruzuku ya mradi wa afya na elimu ya watoto: mwongozo kwa mashirika madogo ya Tanzania Bara

Shirika dogo la wilayani likiona tangazo la ruzuku, mara nyingi zimebaki wiki tatu au nne dirisha la maombi lifungwe. Wiki hizo zinatosha kuandika andiko zuri la mradi. Hazitoshi kuhuisha nyaraka zilizopitwa na wakati, kutafuta mkaguzi wa hesabu na kumsubiri Mganga Mkuu wa Wilaya arudi safari asaini barua, kisha ndipo uandike. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza mbali na andiko lenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ya kutafuta fedha za watoto hufanyika kabla tangazo halijatoka.

Hatua ya 1: Weka nyaraka za shirika sawa

Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na Msajili yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Maombi hupitia NIS, mfumo wa mtandaoni wa taarifa za mashirika hayo. Ukiwa wilayani, mtu wa kwanza kumwona ni Ofisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Nenda naye vizuri, maana utamhitaji tena mbele ya safari. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, cheti kina ukomo wa miaka 10, hivyo tazama tarehe ya cheti chako leo. Tazama pia ngazi ya usajili: shirika lililosajiliwa ngazi ya wilaya halina sababu ya kuomba mradi wa mikoa mitatu.

Kusanya kwenye jalada moja, na nakala zake kwenye kompyuta na barua pepe: cheti, katiba, namba ya mlipakodi kutoka TRA, taarifa za mwaka ulizowasilisha kwa Msajili, risiti za ada, hesabu zilizokaguliwa, majina ya wajumbe wa bodi na muhtasari wa kikao chao cha mwisho, pamoja na uthibitisho wa akaunti ya benki yenye jina la shirika na watia saini zaidi ya mmoja. Mfadhili akikuta fedha za shirika zinapita kwenye simu ya mkurugenzi, anafunga jalada hapo hapo. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kusajiliwa kama NGO hakukupi msamaha wa kodi. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa TRA kando, kwa utaratibu wake.

Kuna waraka mmoja ambao ningekuomba uupe muda kuliko yote, nao ni sera ya ulinzi wa mtoto. Mashirika mengi hunakili ya wenzao na kubadilisha jina. Wafadhili wakubwa huijua sera ya kunakili, na hata wasingeijua, hiyo ndiyo sera itakayosimama kati ya mtoto na mtu mwenye nia mbaya anayevaa fulana ya shirika lako. Iandike ijibu maswali ya kweli. Mtoto akisema ameguswa vibaya na mfanyakazi wa kujitolea, anamwambia nani? Huyo aliyeambiwa anafanya nini siku hiyo hiyo? Anayelalamikiwa akiwa mkurugenzi mwenyewe, nani anashika suala hilo? Taja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu, ofisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Weka kanuni ya picha: hakuna picha ya mtoto kwenye mitandao bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama shirika lako lina watu wanne.

Hatua ya 2: Lifahamu tatizo kwa ukaribu

Hapa ndipo maandiko mengi yanapoanguka. Chukua mfano wa udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16. Lakini Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, zilikuwa na kiwango cha asilimia 50 au zaidi. Ukiandika kwamba watoto wa Njombe wamedumaa kwa kukosa chakula, mtu yeyote anayeifahamu mikoa hiyo atakuuliza: mbona maghala yamejaa?

Sasa linganisha maelezo mawili. La kwanza: “Watoto wengi wa wilaya yetu wana hali mbaya ya lishe kutokana na umaskini na ukosefu wa elimu.” Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika wilayani. La pili: “Msimu wa kilimo, akina mama wa vijiji hivi sita huondoka alfajiri kwenda mashamba ya mbali. Mtoto wa mwaka mmoja hubaki na dada yake wa miaka tisa, akinywa uji mwepesi wa mahindi matupu asubuhi na jioni. Rejesta ya darasa la tatu inaonyesha wasichana wanakosekana zaidi miezi hiyo hiyo.” Maelezo ya pili yamebeba afya na elimu kwa pamoja, na suluhisho limeshaanza kuonekana: kituo cha malezi cha kijiji, uji wenye karanga na dagaa, na dada anayerudi darasani.

Habari za namna hiyo huzipati mtandaoni. Zipo kwenye rejesta ya kliniki ya mama na mtoto pale zahanati, kwenye kitabu cha mahudhurio cha mwalimu, kwenye matokeo ya upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na vinywani mwa akina mama wenyewe ukikaa nao bila haraka. Muombe Ofisa Lishe wa halmashauri takwimu za kata zako. Kisha uoanishe tatizo lako na mipango ya serikali, hasa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021. Wafadhili wengi huuliza mradi wako unaingia wapi kwenye mipango hiyo.

Hatua ya 3: Mchague mfadhili anayefanana na mradi wako

Usitume andiko moja kwa wafadhili ishirini. Kila mmoja ana anachotoa na asichotoa.

Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi midogo ya jamii ambayo hujenga na kununua vifaa: madarasa, zahanati, mabweni, visima. Haulipi mishahara wala gharama za kila siku za kuendesha shirika. Una mradi wa kufundisha wazazi? Hapo si mahali pake. Una shule yenye madarasa ya udongo na barua ya kijiji ya kutoa ardhi? Hapo ndipo, na jiandae na ankara za makadirio kutoka kwa wazabuni zaidi ya mmoja.

Rotary, mtandao wa kimataifa wa vilabu vya kujitolea, ina ruzuku za kimataifa zenye bajeti ya kuanzia dola 30,000, na afya ya mama na mtoto pamoja na elimu ya msingi ni miongoni mwa maeneo yake. Ila shirika haliombi lenyewe. Wanaoomba ni vilabu viwili vya Rotary, kimoja cha nchini na kimoja cha nje, na wewe unakuwa mshirika wa utekelezaji. Njia yake huanzia kwa wanachama wa klabu ya mji wako, nao watataka kuona tathmini ya mahitaji ya jamii.

UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, hupata washirika wake kupitia tovuti ya pamoja ya Umoja wa Mataifa, UN Partner Portal. Jisajili hata kama hakuna tangazo, kwa kuwa wasifu ule ule huonwa na mashirika mengine kama WFP (la chakula) na UNHCR (la wakimbizi). Utaulizwa kwa kina jinsi unavyozuia unyanyasaji wa kingono, na sera ya Hatua ya 1 ndiyo itakayokujibia. Foundation for Civil Society, yenye makao yake hapa nchini, nayo hutoa ruzuku kwa madirisha yanayotangazwa.

Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisitisha kazi zake tarehe 1 Julai 2025 na shughuli zilizobaki zikaenda Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Ukikuta orodha ya wafadhili ya zamani, ichuje. Na usiupe mguu mmoja mzigo wote: michango ya wazazi, wafanyabiashara wa mji na benki za hapa nchini ihesabu pia, hata ikiwa kidogo. Mfadhili wa mbali huvutiwa akiona wenye watoto wameshatangulia.

Anayedai “ada ya kuchakata maombi” kupitia simu ni tapeli.

Hatua ya 4: Pata ridhaa ya halmashauri

Huwezi kuingia shuleni au zahanati kwa sababu una fedha. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na Ofisa Elimu Msingi, ukieleza kijiji, shule na muda. Pitia pia kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Barua ya kukuunga mkono ina uzito zaidi ikitaja kitu halmashauri itakachotoa: chumba, mwezeshaji, au ahadi ya kuajiri mlezi mradi ukiisha.

Hatua ya 5: Andika, na bajeti iseme ukweli

Soma tangazo lote kabla ya kuandika neno. Wanaotaka kurasa mbili za andiko dhana, yaani muhtasari wa wazo la mradi, wape mbili. Fuata vichwa vyao kwa mpangilio wao, hata kama wako ni mzuri zaidi.

Kwenye bajeti, usiandike “mafunzo: shilingi 2,500,000”. Ifungue. Kwa mfano, wahudumu wa afya ngazi ya jamii 40 kwa siku 3: chakula 10,000 kwa siku kila mmoja, jumla 1,200,000; nauli 8,000 kila mmoja, 320,000; ukumbi 100,000 kwa siku, 300,000; wawezeshaji wawili kwa 80,000 kwa siku, 480,000; shajala 5,000 kila mmoja, 200,000. Jumla ni ile ile 2,500,000, lakini sasa msomaji anaona ulishakaa na kalamu. Weka gharama za uendeshaji bila aibu, kwa kiwango ambacho tangazo linaruhusu. Kuzificha ndani ya “mafunzo” ndiko kunakoleta hoja za ukaguzi baadaye.

Viashiria, yaani vipimo vya mafanikio ya mradi, viwe vichache na vinavyopimika na watu wako. Mahudhurio ya wasichana na uzito wa watoto kwenye kadi za kliniki vinatosha kwa mradi wa mwaka mmoja.

Hatua ya 6: Tuma, kisha fuatilia

Tuma siku mbili kabla ya mwisho, kwa sababu mtandao na umeme vina mambo yake. Mpe mtu asiyejua mradi asome kwanza. Tunza uthibitisho wa kupokelewa. Ukikataliwa, andika barua fupi ya shukrani na uombe maoni ya watathmini. Wengine hujibu kwa undani, na andiko la mara ya pili hufaidika.

Ukikubaliwa, usianze kutumia fedha kwa furaha. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinalitaka shirika linalopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuwasilisha mkataba Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na kutangaza hadharani fedha hizo na matumizi yake. Peleka nakala kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii, kisha itisha mkutano wa kijiji na usome kiasi kilichopatikana mbele ya wazazi, kabla hata ya kununua mfuko wa kwanza wa unga.